Chembe za Chuma Katika Damu ya Haidar

Jumatatu, 14 Oktoba

Daftari hili nimepewa leo na nesi Mtoro, hospitalini Dar es Salaam. "Mama, kila siku andika hali ya mgonjwa," ameniambia. "Amelala vipi, amekula nini, kichwa kinamuuma kiasi gani, mkono unashika au haushiki." Nikamjibu kwamba mimi ni mkulima wa mananasi kutoka Kiwangwa, na mara ya mwisho kukaa na kalamu ilikuwa mtihani wa kidato cha nne. Akacheka. "Basi umepumzika vya kutosha."

Haya, naandika.

Mgonjwa ni mdogo wangu, Haidar. Ana miaka thelathini na minane, anafundisha hesabu sekondari. Mama yetu alifariki yeye ana miaka minne na mimi kumi na minane, na tangu siku ile nimemlea kwa mikono yangu. Mwezi wa Machi walimfungua kichwa wakatoa uvimbe kwenye ubongo, kisha wakampiga mionzi. Tukadhani yamekwisha. Mwezi wa nane mkono wa kulia ukaanza kuangusha chaki. Picha zikaonyesha uvimbe umerudi, tena umejipenyeza mahali ambapo kisu hakiwezi kupita bila kumharibu.

Leo tuliitwa na Dk. Rachna, daktari wa utafiti. Ni Mhindi wa Bagamoyo mjini, baba yake ana duka la vitambaa, na Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Aliniamkia shikamoo kabla hajakaa.

"Tunatoa damu ya Haidar," akasema, "tunachambua seli nyeupe za aina moja. Hizi ni walinzi wa mwili. Penye uvimbe au kidonda zinavutwa zenyewe kwenda huko. Sasa maabara tunazilisha chembe za chuma, ndogo mno, zimefungwa pamoja na dawa. Zikishashiba tunazirudisha mwilini mwake kwa mshipa wa mkono."

"Kwa nini msimpe hiyo dawa peke yake?" nikauliza.

"Ubongo una ukuta wake, mama. Dawa nyingi zikifika pale zinazuiwa. Lakini seli yake mwenyewe inaweza kupita, na mzigo wake tumboni. Ikishaingia, chuma kinaonekana kwenye MRI kama doa jeusi, ndipo tunajua uvimbe umeishia wapi. Halafu tunamlaza kwenye mashine nyingine yenye nguvu ya sumaku. Kile chuma kinapata joto palepale kilipo, kinaunguza uvimbe na kuachia dawa."

Hakutuficha kitu. Alisema ni majaribio, watu sita tu. Kwa wanyama imefanya vizuri, kwa binadamu bado wanajifunza. Inaweza isimsaidie. Inaweza hata kumdhuru.

Haidar alisaini kwa mkono wa kushoto. Kabla hajasaini, mkewe Kuruthumu aliuliza maswali karibu saa nzima. Chuma kitatokaje mwilini? Akishikwa na kifafa njiani tufanye nini? Akibadili mawazo katikati je? Ungedhani anachagua kitenge. Mimi nilimwona anatuchelewesha tu.

Jumanne, 15 Oktoba

Amelala vizuri. Uji bakuli moja. Kichwa kinauma kidogo. Mkono haushiki.

Alhamisi, 17 Oktoba

Hivyohivyo. Jua kali. Mananasi ya upande wa bondeni yameanza kugeuka rangi.

Jumapili, 20 Oktoba

Niandike la moyoni, maana sidhani nesi atasoma kurasa zote.

Kuruthumu sijawahi kumpenda. Haidar alimkuta Chalinze, anawapikia madereva wa malori supu na chapati kando ya barabara kuu. Nilisema wakati ule, tena mbele yake, kwamba mdogo wangu ameokota mke barabarani. Wakaoana, mwaka wa nane huu, na mtoto hawajapata.

Hayo yote ningeyasamehe. Lakini mwezi wa Machi, Haidar amelala wodini kichwa kimefungwa bandeji kama kilemba, mwanamke huyu aliondoka siku nne akaenda kwa mama yake Chalinze. Akarudi bila maelezo. Aliyekaa na mgonjwa ni mimi. Tangu hapo mimi na yeye ni salamu, basi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Asubuhi alitaka kuniambia nimpe kikombe, neno likakataa kutoka. Akawa ananionyesha kwa kidole huku anacheka, ili nisiogope. Niliogopa.

Jumamosi, 2 Novemba

Vuli imeanza. Mvua kubwa tangu adhuhuri. Tulikata mananasi mpaka glavu zikalowa, miiba ikapita. Haidar alikaa kibarazani kutuhesabia. Alipofika arobaini akapotea, akarudi thelathini. Kuruthumu akaendelea kuhesabu kwa sauti kana kwamba walikuwa wanahesabu pamoja tangu mwanzo.

Jumatatu, 4 Novemba

Dar. Leo wametoa damu. Mashine inavuta damu kutoka mkono mmoja, inachuja zile seli nyeupe, damu nyingine inarudi kwa mkono wa pili. Ilichukua saa tatu na nusu. Haidar alilala usingizi katikati.

Kitanda cha jirani alikuwepo mzee Mwinshehe, askari wa wanyamapori mstaafu kutoka Saadani. Yeye ndiye wa kwanza katika wale sita, ameshapata awamu moja. "Miaka ishirini nimefuata nyayo za tembo," aliniambia. "Sasa hawa wananifuatia nyayo ndani ya kichwa." Akacheka mpaka mkewe akamwambia apunguze sauti.

Dk. Rachna alisema seli zitakuwa tayari Ijumaa saa sita mchana. "Zikishalishwa chuma hazivumilii kukaa nje ya mwili. Mwisho kabisa ni saa tisa. Baada ya hapo zimekufa, na sijui kama ana nguvu ya kutolewa damu tena mwezi huu. Naomba mkae hosteli ya hapa hadi Ijumaa."

Nilikataa. Nyumbani nilikuwa nimeshamwomba maalim amwandikie Haidar kombe, aya za Kurani za kuoshwa kwa maji, anywe siku tatu. Na hosteli yenyewe ina joto, chakula hakina ladha.

"Wifi, daktari amesema tukae," Kuruthumu akasema tukiwa koridoni. "Mvua hizi hazitabiriki."

"Mimi ndiye niliyemlea."

"Najua, wifi."

"Basi anarudi kwake akapumzike."

Haidar alitutazama mmoja mmoja, akasema amechoka, tuamue sisi. Nikaamua mimi.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Amekunywa kombe. Amelala.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua usiku na mchana, haijapumua. Kuruthumu amefungasha begi tangu saa nane. Amesema tuondoke leo leo. Nikamwambia kesho alfajiri inatosha.

Jumamosi, 9 Novemba

Jana sikuandika. Leo naandika yote, nikiwa kwenye benchi la wodi.

Jana saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuja jirani kutuambia maji ya mto Ruvu yamepanda juu ya lami, magari ya kwenda Dar kupitia Bagamoyo yanarudishwa. Nilikaa kwenye kizingiti. Sikuwa na wazo hata moja kichwani isipokuwa lile la daktari: zimekufa.

Kuruthumu alikuwa ameshashika simu. "Najim uko wapi? Umelala na lori Kiwangwa? Usiondoke. Tunakuja watatu." Kisha akanigeukia. "Tutazungukia Msata na Chalinze. Vaa viatu, wifi."

Najim ni dereva wa Fuso anayebeba mananasi ya kijiji chetu kupeleka Dar. Nilikuwa namjua kwa miaka, sikujua kwamba kwa miaka mingi zaidi alikuwa akinywa supu kwa Kuruthumu. Tulimpandisha Haidar mbele, akaketi katikati, kichwa kakiegemeza begani kwa mkewe. Mimi dirishani. Nyuma mzigo wa mananasi umejaa mpaka juu, harufu yake ikawa inaingia ndani na mvua.

Kuruthumu alimpigia daktari. Nilisikia jibu: "Njooni. Nitasimama nazo mpaka saa tisa kamili."

Tulipopita Msata kidogo, Haidar alikakamaa. Mguu ukapiga gia, macho yakapanda. Nilipiga kelele. Nilitafuta kijiko kwenye begi nimtie mdomoni, kama nilivyoona watu wakifanya.

"Wifi, usimtie kitu!" Ilikuwa mara ya kwanza Kuruthumu kunipandishia sauti. "Mlaze ubavu. Shika kichwa tu, usikibane." Najim alisimamisha lori kando. Kuruthumu alifungua kola ya shati la mumewe, akatazama saa yake, akahesabu. Dakika mbili na nusu. Mwili ulipolegea akampangusa mdomo kwa ncha ya khanga, akamwambia daktari kwenye simu muda ule na namna ilivyokuwa. Daktari akasema maadamu imekwisha na anapumua vizuri, tuendelee.

Ndipo nikakumbuka yale maswali yake ya saa nzima. Hili alikuwa ameliuliza.

Chalinze tulikuta foleni. Lori lilikuwa limeanguka mbele likaziba njia, wamebakiza upenyo wa gari moja moja, na malori yamepangana nadhani kilomita mbili. Ilikuwa saa tano kasoro. Najim alizima injini. Nilianza kulia waziwazi. Nikasema, "Nimemuua mdogo wangu."

Kuruthumu alijifunika khanga, akashuka kwenye mvua. Nilimwona kupitia kioo anatembea kandokando ya malori, anagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Nilishusha kioo nikamsikia: "Shemeji, ni mimi, Kuru wa supu! Nina mgonjwa kwenye Fuso ile ya mananasi. Nisogezee kidogo." Wengine walimkumbuka kwa jina, wengine kwa chapati. Dereva wa kwanza alisogea. Wa pili. Mmoja alishuka akatangulia mbele yake akipiga kelele kwa wenzake. Malori makubwa yale, yenye mizigo ya kwenda bandarini, yalijibana ukingoni kama watu wanaopisha jeneza, Mungu anisamehe, lakini ndivyo yalivyokuwa. Najim akapita katikati taratibu. Kuruthumu alipanda amelowa chapachapa, akamshika Haidar mkono, akasema tu, "Twende."

Mwanamke wa barabarani, nilimwita mimi. Na barabara nzima ikamfungulia.

Tulifika hospitali saa nane na dakika arobaini. Dk. Rachna alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Kimfuko chenyewe kidogo, majimaji ndani yake yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilitegemea kitu kikubwa. Nesi Mtoro aliunganisha mpira kwenye mshipa, na tone la kwanza lilianguka saa tisa kasoro dakika sita. Niliitazama saa ya ukutani nikasema bismillahi kwa sauti, na daktari, ambaye si Mwislamu, akaitikia amina.

Baadaye daktari akatuuliza, bila ukali, kwa nini hatukukaa hosteli.

"Tuliona atapumzika vizuri zaidi nyumbani, daktari," Kuruthumu akajibu. "Tulikosea sisi."

Sisi. Angeweza kuninyooshea kidole, na angekuwa na haki. Nilitoka nje nikaenda kusimama bombani mpaka nikaweza kurudi.

Jumapili, 10 Novemba

Nimempigia maalim kumweleza. Amenikaripia. "Esha, kombe ningeliandika nikakutumia kwenye chupa! Nani alikwambia umtoe mgonjwa kwa daktari?" Hata yeye.

Jumatatu, 11 Novemba

Zimefika!

Dk. Rachna alituita kutuonyesha picha. Picha ya zamani uvimbe unaonekana kama wingu, huwezi kusema umeishia wapi. Ya leo ina madoa meusi yamezunguka na kuingia ndani, kama mchwa kwenye gogo. "Haya ni zile seli zake," akasema. "Na tazameni hapa." Kulikuwa na mkia mwembamba wa madoa umeelekea nyuma, mahali ambapo picha za kwanza hazikuonyesha chochote. "Hapa uvimbe ulikuwa umejificha. Tusingejua."

Haidar alitazama muda mrefu. Kisha akasema polepole, kila neno akilitafuta: "Zimejuaje... njia?"

"Hatujui yote, mwalimu," daktari akajibu. "Zinanusa."

Nimeishi miaka hamsini na miwili nikidhani damu ni kitu cha kumwagika tu. Kumbe ndani yake kuna viumbe vinavyojua kwenda penye maumivu. Subhanallah. Leo nimeshukuru kwa kitu ambacho nimekuwa nacho siku zote.

Jumanne, 12 Novemba

Awamu ya kwanza ya joto. Walitutoa pini zote za ushungi, pete, hata kishikizo cha chuma cha begi langu, ndipo tukaruhusiwa kumsindikiza mlangoni. Amelazwa saa moja, kichwa ndani ya pete kubwa. Alisema alihisi kama mtu amemwekea kiganja cha moto kichwani.

Alhamisi, 14 Novemba

Homa. Kichwa kinamuuma sana. Ametapika mara tatu.

Ijumaa, 15 Novemba

Homa. Hajanitambua asubuhi. Aliniita mama.

Nilimwitikia.

Jumamosi, 16 Novemba

Daktari amesema ubongo umevimba kutokana na joto, wamemwongezea dawa ya kupunguza uvimbe huo. Kuruthumu amelala chini ya kitanda chake siku tatu, kwenye mkeka. Nilimletea wali na samaki. Akala nusu, akanirudishia nusu, "Wifi na wewe hujala." Tulikula sahani moja. Sijawahi kula naye sahani moja.

Jumanne, 19 Novemba

Homa imeshuka. Amekunywa uji. Amesema "ahsante" kwa nesi, neno zima, halikukatika.

Jumamosi, 23 Novemba

Tuko hosteli. Nakaa na joto lake na chakula chake kisicho na ladha, sisemi kitu. Najim amekuja na mananasi kumi na mawili kutoka kwa jirani zangu, ambao wamekuwa wakinivunia shamba zamu kwa zamu bila mimi kuwaomba. Tumewagawia manesi wote. Wodi nzima ilinukia Kiwangwa.

Alhamisi, 28 Novemba

Awamu ya pili. Safari hii wamepunguza joto na kugawanya siku tatu. Homa ndogo tu.

Jumatano, 4 Desemba

Mzee Mwinshehe amefariki jana, Saadani. Mkewe, mama Ashura, amenipigia mwenyewe. Uvimbe wake ulikuwa umekwenda mbali kabla hajaanza. Alilia, nikalia, tukasomeana Fatiha kwenye simu.

Nilimwendea Dk. Rachna kumpa pole, maana niliona macho yake mekundu. Tulikaa kwenye benchi la koridoni, yeye na koti lake jeupe, mimi na ushungi wangu usio na pini.

"Nikuulize jambo, mwanangu. Kwa nini Haidar mlimpunguzia joto mara ya pili?"

"Kwa sababu ya mzee Mwinshehe. Yeye ubongo wake ulivimba vibaya baada ya awamu yake ya pili, kwa joto lilelile alilopata Haidar mara ya kwanza. Picha zake ndizo zilizotufundisha tugawanye siku. Alijua. Aliniambia, 'Daktari, andika vizuri, wengine wako nyuma yangu.'"

Mtu yule niliongea naye siku moja tu. Tangu leo jina lake litakuwa kwenye dua zangu pamoja na la mama yangu, na nimempigia tena mama Ashura kumweleza alichokifanya mumewe kwa mdogo wangu. Akasema, "Rudia tena polepole, dada, nimwite mwanangu naye asikie." Nikarudia.

Jumapili, 8 Desemba

Ameshika kikombe kwa mkono wa kulia. Chai ilimwagika nusu. Hakuna aliyefuta meza kwa muda, tulikuwa tunatazama tu.

Jumatano, 11 Desemba

Amelala vizuri. Amekula ugali na mchicha. Kichwa hakiumi.

Jumamosi, 14 Desemba

Kichwa hakiumi!

Alhamisi, 19 Desemba

Picha za leo. Dk. Rachna aliziweka mbili kando kwa kando, akatuacha tutazame. Hata mimi niliona. Uvimbe umebaki chini ya nusu, na ule mkia wa nyuma haupo.

"Sijasema amepona," akasema haraka, kana kwamba anajionya mwenyewe. "Unaweza kurudi. Tutampima kila baada ya miezi miwili. Katika sita, wawili wamepata nafuu kama hii, wawili hawajabadilika, mmoja tumempoteza, mmoja bado tunamsubiri. Lakini leo, ndiyo. Leo ni habari njema."

Haidar alimwambia, "Leo inanitosha, daktari."

Kuruthumu hakulia. Alitoa kijitabu kidogo akaanza kuuliza maswali. Mimi nilikaa nikamsikiliza yote, na alipomaliza nikamwambia daktari, "Bado kuna lingine hajauliza," nikaanza kuuliza mimi.

Jumamosi, 28 Desemba

Tuko Kiwangwa. Ruvu imeshuka, njia iko wazi. Mananasi ya mwisho tumekata leo, mimi na Kuruthumu, mstari kwa mstari. Nilikuwa nimeazimia kusema tangu siku ya foleni, lakini kila mara nikijiandaa mtu anapita. Leo hapakuwa na mtu.

"Wifi, nimekukosea," nikasema. "Siku ile nilikataa kukaa hosteli, ukanibeba mbele ya daktari. Na kabla ya hapo nilikuita mwanamke wa barabarani. Na nimekuwekea kinyongo tangu Machi kwa sababu ulimwacha Haidar wodini siku nne. Nakuomba radhi kwa yote. Hilo la mwisho sikuulizi, nakuomba radhi tu."

Aliendelea kukata. Alikata nanasi moja, la pili. Kisha akakaa juu ya tenga.

"Nilikuwa na mimba, wifi. Miezi mitatu. Iliharibika siku ya pili baada ya upasuaji, palepale hospitalini, chooni. Nilikwenda kwa mama kwa sababu nisingeweza kukaa mbele ya Haidar nisilie, na daktari alisema asipate mshtuko."

"Haidar anajua?"

"Nilimwambia mwezi wa tano."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

Akanitazama, si kwa hasira. "Ungenipokeaje?"

Jibu tunalijua wote wawili. Nilipiga magoti pale kwenye tope kati ya mistari, miiba ikanichoma, nikamkumbatia. Alinukia jasho na nanasi. Tulilia, halafu akasema mgongo unamuuma nimwachie, tukacheka. Tukamaliza mstari. Sijui ananisamehe kiasi gani, hakusema. Lakini jioni alinipikia ile supu ya Chalinze, ya kwanza tangu aolewe, akaniita jikoni nionje chumvi.

Jumatano, 1 Januari

Mvua ndogo. Wote wazima. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 13 Januari

Shule zimefunguliwa. Mwalimu mkuu amemkubalia Haidar kipindi kimoja kwa siku, kidato cha kwanza, wakimwona ameweza wataongeza. Alitutaka tubaki nyumbani. Tukamwambia sawa, akatangulia, sisi tukamfuata kwa nyuma mpaka ukutani mwa darasa, tukasimama karibu na dirisha, mimi na Kuruthumu, wanawake wazima tunachungulia.

Aliandika ubaoni kwa mkono wa kulia. Herufi zimepinda, zinashuka kuelekea chini, lakini chaki haikuanguka. Aliongea polepole. Mara mbili alisimama kutafuta neno, watoto wakangoja bila kucheka. Nadhani walikuwa wameambiwa. Alifanya swali moja refu la kujumlisha na kutoa, akafika mwisho, akapiga mstari chini ya jibu.

Msichana wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Hapo juu umesahau alama ya kutoa."

Kuruthumu alinishika kiganja. Haidar aligeuka ubaoni, akatazama juu, akarudi chini, akatazama tena juu. Nilisali kwa haraka kuliko nilivyowahi kusali.

"Kweli kabisa," akasema. Akamnyooshea msichana chaki. "Njoo unirekebishie. Halafu wote mpigieni makofi, maana mmelala, mwenzenu peke yake ndiye aliyeamka."

Darasa zima likacheka, likapiga makofi. Yeye naye akacheka, kicheko chake kile cha zamani cha kutikisa mabega.

Nimelima na kuvuna miaka thelathini na nne, nimeshukuru kwa mvua, kwa bei, kwa watoto wa watu waliozaliwa salama. Sijawahi kushukuru kwa kosa la hesabu kama nilivyoshukuru leo.